Elfu Kumi ya Mezani

Kwenye bucha lililo karibu na kwangu, hapa Temeke, kilo ya nyama ya ng'ombe ni shilingi 12,000. Mwenye 3,000 anapimiwa robo, na robo ya mtaani kwetu haikosi mfupa. Hata tukisema ni steki tupu, gramu 250 za nyama mbichi zina protini ya gramu 50 hivi. Vuka barabara uende dukani kwa Mangi: nusu kilo ya maharage ni 1,500, na ndani yake mna protini inayozidi gramu 100. Pita gengeni kwa muuza dagaa: 1,000 inakupa gramu 100 za dagaa wakavu wa Mwanza, nao wana zaidi ya gramu 50. Kwa upande wa protini, dagaa wa elfu moja wako sawa na nyama ya elfu tatu.

Hesabu hiyo nimekuwa nikiwafanyia kina mama tangu nilipokuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, nikining'iniza watoto kwenye mizani na kuweka alama kwenye kadi zao. Sasa nimestaafu, mizani sina tena, lakini wanaonijia barazani hawajapungua. Binti wa jirani ananiamkia, "Shikamoo mama," namwitikia, tunazungumza habari za mtoto asiyeongezeka uzito. Nikifika kwenye dagaa na kunde naona uso wake unabadilika. "Mama, watu si watasema tumefulia?" Swali hilo ndilo linalonifanya niandike. Nyumba nyingi za mjini zinakula vibaya kwa hela ambayo ingetosha kula vizuri, kwa sababu vyakula vyetu bora tumevibandika jina la umaskini, na hela kidogo tuliyo nayo tunaianzia mahali pasipostahili.

Sisemi kwamba hela ipo tele. Wapo wanaolala na chai kavu, na kwa hao ushauri wa kupanga matumizi ni kejeli. Wanahitaji kazi, na watoto wao wanahitaji chakula shuleni. Nazungumza na nyumba ninayoijua zaidi: watu sita, chumba na sebule, anayetoka asubuhi kwenda kutafuta anaacha elfu kumi mezani, na jioni anatarajia kukuta watu wamekula.

Nyumba hizo ndizo zilizonifundisha kwamba njaa ina sura nyingi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa uliokuwa na hali mbaya kuliko yote ni Iringa, karibu watoto 57 katika kila 100, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa, ambako ni kama nusu ya watoto. Mikoa hiyo mitatu inalima mahindi yanayolisha nchi. Magunia yamejaa ghalani na mtoto hakui. Utafiti huohuo ulikuta wanawake 42 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na 36 wana uzito uliozidi. Kliniki niliwaona wote katika familia moja: mama mnene, mtoto mfupi kwa umri wake, na wote wawili ukifunua jicho, ndani ni peupe. Tumbo lilikuwa limejaa kila siku. Kilichojaa ndani yake kilikuwa unga mweupe, mafuta na sukari.

Twende kwenye elfu kumi yenyewe, kama inavyotumika nyumba nyingi mtaani kwangu kwa bei za sasa. Asubuhi chapati sita za 300 zinachukua 1,800, na sukari robo 800. Mchana unanunuliwa unga wa sembe kilo moja kwa 1,800, nyama robo kwa 3,000, mafuta ya kupima ya 1,000, nyanya na vitunguu vya 1,000. Hapo imeshafika 9,400. Inayobaki, 600, inaondoka jioni na maandazi ya watoto, na usiku unamaliziwa ugali na mchuzi uliosalia. Siku nzima imekwisha bila jani wala tunda. Ile nyama ambayo ndiyo iliyoheshimisha chungu, ukiigawa kwa sita, kila mmoja amepata vipande viwili vya ukubwa wa kidole gumba, na tunajua vizuri nani anapewa vikubwa na nani anaambiwa alambe mchuzi.

Mimi naigawa hivi. Viazi vitamu fungu la 1,500 kwa chai ya asubuhi, na sukari ya 400. Dona kilo moja na nusu kwa 2,400. Maharage nusu kilo, 1,500, yatumike mchana. Dagaa wa 1,000, watumike usiku. Mchicha au matembele mafungu mawili, 1,000, kila mlo na fungu lake. Nyanya, vitunguu na karoti 1,000, mafuta 700, papai dogo la 500. Jumla ni elfu kumi ileile. Mkaa sijauweka katika hesabu zote mbili, nitaufikia.

Utaona nyama haipo. Siipingi nyama; ina madini ya chuma yanayoingia mwilini kwa urahisi kuliko ya maharage, na nyumba inayoweza kuila mara moja kwa wiki kwa kiasi kinachoonekana sahanini ifanye hivyo. Robo ya kila siku kwa watu sita ndiyo ninayoipinga, kwa sababu inameza karibu theluthi ya hela na haimshibishi mtu.

Nianze na unga, maana ndio unaokaa sehemu kubwa ya sahani. Punje ya mahindi ina ganda, ina kiini, na katikati ina wanga. Mashine ya kukoboa inaondoa ganda na kiini, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi, mafuta mazuri, sehemu kubwa ya vitamini za kundi B, madini ya chuma na zinki. Kinachobaki ni wanga mweupe, laini, unaopendeza machoni. Pumba zilizotoka zinauzwa kwa wafugaji, na ng'ombe wao wanapendeza. Dona inasagwa na vyote vilivyomo. Sokoni kwetu haizidi sembe kwa bei, mara nyingi iko chini, na ukiila saa saba huisikii njaa saa tisa. Wasioizoea wasilazimishwe kwa siku moja. Changanya nusu kwa nusu, mwezi ujao ongeza dona. Usinunue ya kuweka muda mrefu, kwa sababu mafuta ya kiini huchacha na unga huanza kuwa mchungu.

Hapa nasisitiza jambo moja ambalo halina mjadala. Mahindi na karanga vilivyoota ukungu havifai kuliwa, havifai kusagwa, havifai kupewa hata kuku. Ukungu huo hutoa sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na mwaka 2004 nchini Kenya, upande wa Makueni na Kitui, waliofariki walikuwa 125. Anayenunua mahindi ya kusagisha mwenyewe ayachambue kwenye ungo mchana kweupe, aondoe yaliyovunjika, yaliyobadilika rangi na yaliyotobolewa. Karanga zilizosinyaa au zenye weusi zitupwe, hata kama roho inauma. Yule anayekuuzia karanga chafu kwa nusu bei anakuuzia ugonjwa wa ini.

Sasa kunde na jamaa zake: maharage, choroko, mbaazi, dengu, njegere kavu. Malalamiko ninayoyasikia kila mara ni mkaa. "Mama, maharage yanakula mkaa wa siku mbili." Ni kweli kama yanawekwa jikoni makavu. Yaloweke usiku kucha kwenye maji mengi, asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya, funika sufuria. Yataiva mapema zaidi na gesi tumboni itapungua. Wapo wanaotia magadi ili yalainike haraka. Yanalainika kweli, ila magadi yanaharibu vitamini B1, na ladha yake unaijua. Maji ya usiku kucha ni bure na hayaharibu kitu. Siku ambayo umesahau kuloweka, pika choroko au dengu, ambazo haziulizi mkaa mwingi. Na ukiwasha jiko kwa maharage, pika ya leo mchana na kesho pamoja. Yatakayolala yachemshwe vizuri usiku na tena asubuhi, yasiungwe nyanya wala nazi mpaka siku yake.

Wazee wetu hawakusoma kemia ya chakula, lakini walipanga sahani kwa akili. Protini ya mahindi ina upungufu wa kijenzi kimoja kinachoitwa laisini. Maharage yana laisini kwa wingi, yamepungukiwa kijenzi kingine ambacho mahindi na mchele vinacho. Vikikutana tumboni vinakamilishana, na mwili unapata protini inayokaribia ya nyama. Ndiyo kazi ya makande ya Upareni na Uchagani, ya githeri ya Wakikuyu, ya wali maharage wa shule za bweni, na ya ugali wa kawaida kwa kunde. Watu wa Pwani tunacho chetu: mbaazi za nazi asubuhi. Bakuli la mbaazi kwa andazi moja ni kifungua kinywa ambacho daktari yeyote wa lishe angekiandika kwenye karatasi, nacho kinauzwa vibarazani tangu alfajiri. Mwaka 2017 India ilipozuia kununua mbaazi kutoka nje, bei ilianguka vibaya kwa wakulima wa Lindi na Mtwara, na mbaazi zikakosa mnunuzi. Niliumia moyo wakati ule nikijua kuna watoto hapahapa Dar es Salaam ambao protini yao ya siku ni mchuzi.

Nikitaja mchuzi nakumbuka supu ya mifupa. Hakuna imani iliyonipa kazi kubwa kliniki kama ile inayosema nguvu ya nyama inahamia kwenye supu. Mama anachemsha mifupa kwa saa nyingi, anachuja, anamnywesha mtoto yale maji, nyama wanakula wakubwa. Protini nyingi imebaki kwenye nyama. Madini ya chuma yamebaki kwenye nyama. Mtoto amekunywa maji ya moto yenye harufu nzuri na chumvi. Kama kuna kipande kimoja tu cha nyama ndani ya nyumba, kisagwe au kipondwe, apewe mtoto wa miezi sita hadi miaka miwili, na sisi wengine tunywe hiyo supu.

Dagaa wana heshima ya pekee moyoni mwangu. Wa Kigoma, kutoka Ziwa Tanganyika, ni watamu na bei yao iko juu. Wa Mwanza, kutoka Ziwa Victoria, ambao Kenya wanawaita omena na Uganda mukene, ni wadogo, wana uchungu kidogo na mara nyingi wamekaushwa juu ya mchanga. Ndio wa bei ya chini, ndio tunaowapuuza. Sehemu kubwa yao inaishia viwandani, inasagwa kuwa chakula cha kuku. Samaki huyo analiwa pamoja na mifupa yake, kwa hiyo anayekula dagaa anapata kalisi ambayo mwingine anaitafuta kwenye maziwa. Uchungu unatoka tumboni mwa dagaa, na mchanga unaondoka kwa maji. Wachambue, toa vichwa na matumbo, waoshe kwa maji ya uvuguvugu ukibadilisha mpaka chini ya beseni pasibaki chembe, kisha wakaushe kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo hadi waanze kulia wanapogongana. Hapo ndipo unaunga na kitunguu, nyanya nyingi, na kijiko cha karanga zilizosagwa au tui jepesi. Malizia kwa ndimu. Mume wa jirani yangu aliyeapa kwamba dagaa wa Mwanza hawapiti kooni mwake sasa ndiye anayewaulizia.

Wanaokaa karibu na mjini wana soko la samaki la Feri pia. Wengi wanaogopa kwenda kwa sababu wanafikiria changu na nguru wa kwenye mnada. Nenda kwa ajili ya vibua. Ni samaki wadogo wenye mafuta yanayofaa moyo na ubongo, wanauzwa kwa mafungu, na majirani watatu wakichangia nauli ya mmoja wao inakuwa rahisi. Muhimu ni kuwachemsha kwa ndimu, nyanya na bilinganya, au kuwachoma, badala ya kuwazamisha kwenye mafuta yaliyokwisha kukaangia samaki wa siku zilizopita.

Kwenye mboga za majani, kadiri jani lilivyo la kijani iliyokolea ndivyo linavyokufaa. Mchicha, matembele, majani ya maboga, majani ya kunde, mnafu na kisamvu vyote vinaizidi kabichi mbali kwa vitamini A na madini ya chuma, na matembele mara nyingi ndiyo ya bei ndogo kuliko yote gengeni. Tatizo liko jikoni. Tunakata kwanza ndipo tunaosha, vitamini zinaondoka na maji. Tunachemsha mpaka inakuwa kama tope, halafu tunaikamua na kumwaga maji ya kijani, ambayo ndiyo tuliyoyalipia. Osha majani mazima, kata, tia kwenye sufuria yenye kitunguu na nyanya zilizokwisha kuiva, dakika chache, epua. Mafuta kidogo au karanga yanatakiwa, kwa sababu vitamini A haifyonzwi bila mafuta. Kisamvu peke yake ndicho chenye masharti tofauti: lazima kitwangwe na kipikwe muda mrefu bila kufunikwa, maana kikiwa kibichi kina sumu.

Kuna desturi moja nyingine inayotunyima damu, nayo ni chai pamoja na chakula. Majani ya chai yana kitu kinachoshika madini ya chuma na kuyazuia yasiingie mwilini. Mama mjamzito anayekula maharage na mchicha huku akishushia na chai ya rangi anapoteza sehemu kubwa ya madini ya chuma aliyokula. Chai isubiri kama saa moja. Mezani paweke ndimu, chungwa au pera, kwa sababu vitamini C inafanya kinyume chake: inayafungulia madini hayo mlango. Pera, tunda ambalo watoto wanalichuma bure kwenye miti ya watu, lina vitamini C inayolizidi chungwa mara kadhaa. Ubuyu wa Dodoma na Singida nao umejaa vitamini hiyo, ilimradi ni unga mweupe wa tunda lenyewe. Ule uliopakwa rangi na sukari ni pipi. Kwa matunda mengine fuata msimu tu: machungwa ya Muheza yanapojaa Buguruni, maembe yanapofurika mwisho wa mwaka, mananasi ya Kiwangwa yanapopangwa kando ya barabara. Nje ya msimu kula papai na ndizi, na usimwonee wivu anayenunua tufaha la kutoka Afrika Kusini.

Watoto wachanga nawapa aya yao kwa sababu makosa ya umri huo ni magumu kurekebisha baadaye. Baada ya miezi sita ya maziwa ya mama peke yake, mtoto anahitaji uji mzito, unaoshika kwenye kijiko. Uji mwepesi unaonyweka kwa kikombe unamjaza maji. Madukani kuna unga wa lishe uliochanganywa nafaka na mbegu za kila aina, bei juu, na wengi wanaamini kadiri vitu vilivyo vingi ndivyo mtoto anavyokuwa na afya. Mtoto hahitaji mchanganyiko huo, na tumbo la wengine linaukataa. Unga wa mahindi au ulezi, karanga safi zilizosagwa, basi. Siku nyingine badala ya karanga tia kijiko cha unga wa dagaa, siku nyingine yai. Soya isitiwe bila kuchemshwa au kukaangwa kwanza, kwa kuwa ikiwa mbichi inazuia protini isimeng'enywe. Kiazi lishe, kile cha rangi ya chungwa, kikipondwa na mafuta kidogo kinampa vitamini A ya kutosha, na nduguze wakubwa watakipenda pia.

Kuhusu sukari sitasema mengi. Robo kilo kwa siku katika nyumba ya watu sita ni zaidi ya gramu 40 kwa kila mtu, vijiko kumi vya chai, kabla hajagusa soda. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 50 kwa siku, na linaona ingefaa zaidi akibaki kwenye 25. Mtoto anatakiwa chini ya hapo. Soda moja ya 800 dukani kwetu ni bei ya mayai mawili. Nawaachia wazazi uamuzi.

Sasa niufikie mkaa, na jambo ambalo naliona kuwa kubwa kuliko yote niliyoandika. Maskini ananunua kwa kipimo, na kipimo ni ghali. Mkaa wa kopo, mafuta ya kupima, nyanya nne za 500, maharage ya nusu nusu: kila kimoja kimeongezwa faida ya mtu wa katikati, na kinanunuliwa tena kesho. Anayenunua mkaa kwa kopo kila siku, akipiga hesabu mwisho wa mwezi, atakuta amelipa gunia na zaidi. Sado ya nyanya wakati wa msimu, pale soko la Stereo, inatoa mafungu ya gengeni ambayo ukiyalipia moja moja utashangaa. Bei ya maharage sokoni Tandika iko chini ya ile ya dukani kwa Mangi, na Mangi simlaumu, naye ana pango na anakopesha watu. Lakini huwezi kwenda Stereo ukiwa na elfu kumi inayotakiwa irudi na mlo wa saa saba. Anayepewa hela ya siku analazimika kununua kwa siku. Hata awe hodari kiasi gani, hana nafasi ya kupanga.

Kwetu hapa tuko wanawake wanne tunaochanga. Kila mmoja anatoa kidogo kila jioni kwa mweka hazina, na ikitimia tunanunua debe la maharage au la mahindi, tunagawana kwa mizani mbele ya wote ili pasiwe na neno. Mavuno mapya yanapoingia mjini ndipo tunaponunua kwa wingi, tunayaanika juani, tunayaweka kwenye madumu makavu yenye mfuniko. Nyuma ya nyumba kila mmoja ana viroba vya udongo vyenye matembele. Ukichuma leo, baada ya muda mfupi yamechipua tena, na maji ya kuoshea mchele yanatosha kuyanywesha. Hakuna aliyekuwa na eneo. Tulitumia ukuta na ngazi.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa wanaoacha hela mezani. Ndugu yangu, kama mshahara wako ni wa mwezi au wa wiki, acha kutoa elfu kumi kila asubuhi. Mpe mwenzako elfu sabini Jumamosi jioni, kaeni pamoja mwandike kitakachonunuliwa, kunde na majani vikiwa vya kwanza kwenye karatasi, sukari na mafuta vya mwisho. Kama unalipwa kwa siku, bodaboda au kibarua, anzeni kuchanga na majirani wawili, hata kwa 500. Msaidie kubeba mzigo kutoka sokoni, maana debe ni zito. Na jioni ukiwekewa dona, dagaa na matembele, kaa ule pamoja na watoto wako, na uombe kuongezewa.